Uzoefu wangu na Christmas '64 ya Jimmy Smith: Krismasi ya kinanda, hakuna anayeimba

Albamu nyingi za Krismasi huzivumilia kwa wiki tatu, basi. Ikifika tarehe 26 Desemba sitaki tena kusikia kengele. Hii ninayoiandikia leo ni tofauti: nimeisikiliza Machi, nimeisikiliza Julai, na kila nikiirudia napata kitu ambacho sikukisikia mwanzo. Inaitwa Christmas '64, ya Jimmy Smith, mpiga kinanda wa jazi kutoka Norristown, Pennsylvania, Marekani. Kampuni ya rekodi ya Verve ndiyo iliyoitoa, mwaka 1964 kama jina linavyosema. Baadaye ikarudishwa sokoni kwa jina la Christmas Cookin', kwa hiyo ukikutana na jina hilo la pili usiipite ukidhani ni kitu kingine.

Mimi napiga kinanda kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Dar es Salaam, wa Kilutheri, na masikio yangu yameumbwa na kazi hiyo. Si mtaalamu wa jazi. Aliyenielekeza kwenye albamu hii ni mwalimu wetu wa kwaya, mzee anayetunza santuri zake kuliko wengine wanavyotunza magari. Nilipomuuliza nianzie wapi kujifunza kinanda cha namna hii hakunipa kitabu. Alisema tu, "Kijana wangu, msikilize Jimmy Smith wa Krismasi. Nyimbo zenyewe unazijua, kwa hiyo sikio lako litakuwa huru kusikiliza mkono wa kushoto."

Ushauri huo naupitisha kwako kama ulivyo, kwa sababu ndiyo njia bora ya kuingia kwenye albamu hii.

Kama jina la Jimmy Smith ni geni kwako, huenda umeshamsikia bila kujua. Kwenye wimbo Bad wa Michael Jackson wa mwaka 1987 kuna mahali sauti ya mwimbaji inapisha na kinanda kinashika kwa muda mfupi, kikali, kama mtu anayejibu hoja. Huyo ni yeye. Lakini miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameshabadilisha kabisa namna watu wanavyokiona kinanda cha Hammond katika jazi. Alianza kama mpiga piano. Katikati ya miaka ya 1950 akapata Hammond, akakiweka kwenye ghala huko Philadelphia, na akajifungia nacho kwa miezi mingi. Alichora ramani ya pedali akaitundika mbele yake ili asiwe anatazama miguu. Mwaka 1956 akarekodi albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya rekodi ya Blue Note, na baada ya hapo wapiga piano wengi wa Marekani walianza kuhamia kinanda kwa sababu yake.

Hapa lazima nikae kidogo kwenye chombo chenyewe, maana bila kukielewa utasikiliza nusu ya albamu.

Hammond kilibuniwa Chicago na Laurens Hammond, na cha kwanza kikaingia sokoni mwaka 1935. Makanisa mengi hayakuwa na fedha za kinanda kikubwa cha mabomba, na hiki kilikuwa mbadala wao. Ndani hakina mabomba. Kina magurudumu madogo ya chuma 91 yanayozunguka mbele ya sumaku, kila moja likitoa sauti yake. Aina maarufu zaidi, B-3, ina safu mbili za vibonyezo, kila safu vibonyezo 61, na chini pedali 25 za miguu. Juu ya vibonyezo kuna vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila fungu, ambavyo mpigaji huvitumia kuchanganya sauti: unavuta hiki zaidi, unarudisha kile. Pamoja na benchi na pedali zake kina uzito unaozidi kilo 180. Waliozunguka nacho mji hadi mji walikuwa na moyo.

Spika yake inayojulikana zaidi, Leslie, ilibuniwa na Don Leslie, na Laurens Hammond mwenyewe hakuipenda. Ndani ya kabati la mbao kuna honi inayozunguka, polepole au kwa kasi, na sauti inatoka ikizunguka chumba. Ule mtetemo unaousikia kwenye nyimbo za injili za Wamarekani weusi, pale mhubiri anapomaliza sentensi na kinanda kinamwitikia, ni hiyo.

Sasa, wapiga kinanda wenzangu wa kwaya, hili linatuhusu moja kwa moja. Vinanda vyetu vya umeme vinavyofuata mpangilio wa kimataifa wa sauti (General MIDI) vina kundi la sauti za kinanda kuanzia namba 17 hadi 24. Namba 17, 18 na 19 zote ni jitihada za kuiga Hammond. Tumezibonyeza kwa miaka kwenye harusi, kwenye mikutano ya injili, kwenye ibada za Jumapili, na wengi wetu hatujawahi kusikia chombo chenyewe kikipigwa na mtu anayekijua kuliko wote. Kwangu mimi kuisikiliza Christmas '64 kulikuwa kama kukutana na babu wa rafiki niliyemzoea. Sauti ile ile, lakini nzito, yenye pumzi, na yenye kishindo kidogo kila kidole kinapogusa.

Kishindo hicho kina maelezo yake. B-3 ina kitufe kinachoongeza mlio mfupi wa kugonga mwanzoni mwa noti, kama kijiti kikigonga kengele ndogo. Kitufe hicho hufanya kazi pale tu ambapo hakuna kibonyezo kingine kilichoshikwa. Ukiunganisha noti, ya kwanza tu ndiyo inagonga. Ukiachanisha, kila moja inagonga. Jimmy Smith anaachanisha. Ndiyo maana hata akipiga kwa kasi ya ajabu unasikia kila noti imesimama peke yake, imetamkwa. Sisi tuliozoea kushikilia vidole ili sauti isikatike chini ya kwaya tuna la kujifunza hapa, na mimi nimelifanyia mazoezi hadi vidole vikauma.

Turudi kwenye nyimbo. Albamu ina sura mbili. Baadhi ya nyimbo anapiga na bendi kubwa, tarumbeta na tromboni zimejaa, na mmoja wa waliompangia muziki huo ni Billy Byers. Nyingine anapiga na watu wawili tu: Quentin Warren kwenye gitaa na Billy Hart kwenye ngoma. Watayarishaji wa Verve enzi hizo, chini ya Creed Taylor, walipenda kumweka Smith mbele ya bendi kubwa kwa sababu iliuza. Naelewa. Lakini moyo wangu uko kwa wale watu watatu.

Anza na Jingle Bells. Najua, ni wimbo uliochakaa kuliko yote. Ndiyo sababu nakwambia uanze nao. Wanaupiga wakiwa watatu, na hakuna mpiga besi hapo. Tafuta besi: ipo, inatembea hatua kwa hatua bila kukosa, na ni mkono wa kushoto wa Smith, huku mguu ukigusa pedali kwa muda mfupi tu ili kuipa noti uzito. Mkono wa kulia unafanya mambo yake kana kwamba wa kushoto ni wa mtu mwingine. Warren anajaza katikati kwa gitaa, kidogo kidogo, bila kuziba njia. Billy Hart, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, anaweka mwendo kwenye matoazi na hajiingizi mbele. Kwaya ina soprano, alto, teno na besi. Hapa mtu mmoja amebeba sauti ya juu na ya chini kabisa kwa wakati mmoja, na amewaachia wenzake katikati.

Baada ya kuupiga wimbo kwa namna unayoitambua, Smith anauacha. Anaondoka kabisa. Anabuni papo hapo, anaingiza bluzi, anarudiarudia kipande kimoja kifupi hadi kinachemka. Na hapa ndipo nilipolielewa jambo ambalo sasa naliona kuwa siri ya albamu nzima: wimbo haupotei, kwa sababu wewe msikilizaji umeushika. Kichwani unaendelea kuimba. Unajua mstari uko wapi, unajua kiitikio kinakuja lini, na yeye anacheza kwa kukutegemea. Wimbo mgeni usingeweza kumpa uhuru huo. Krismasi inampa, kwa sababu ni nyimbo chache sana duniani ambazo umati mzima unazijua kwa moyo kiasi hicho.

Nimelijaribu hili kanisani. Nilimwomba mwalimu atuachie ubeti mmoja wa Usiku Mtakatifu kwenye ibada ya mkesha upigwe na kinanda peke yake, kwaya ikiwa kimya, nami nisiifuate tuni neno kwa neno. Alisita, kisha akakubali. Nilipotoka kidogo kwenye tuni nilisikia watu wakiimba kwa sauti ya chini, wenyewe, bila kuongozwa. Mama mmoja wa umoja wa wanawake alinifuata baada ya ibada akaniambia, "Mwanangu, ule ubeti mliotuachia ndio niliouimba vizuri." Sijapata sifa iliyonifurahisha zaidi katika utumishi huu.

Silent Night, huo huo Usiku Mtakatifu wetu, umo kwenye albamu. Ni wimbo ulioimbwa kwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818 huko Oberndorf, Austria, ukisindikizwa na gitaa, si kinanda. Smith anaupa heshima yake lakini hauogopi. Anaupitisha kwenye bluzi, na bluzi haiuharibu, kwa sababu bluzi na kanisa la weusi wa Marekani vimekua nyumba moja. Mtu atakayesema kwamba hii ni muziki wa baa uliovishwa kanzu, namwomba asikilize tena mwisho wa kila mstari, namna anavyoishikilia noti na kuiacha izunguke. Hiyo nimeisikia kwenye maombi.

Kwa upande wa bendi kubwa nina maneno. God Rest Ye Merry, Gentlemen unaanza kwa kishindo cha wapulizaji, mkubwa, wa kifalme, na ukiwa umeweka sauti juu utashtuka. Wapo wanaoupenda kuliko zote. Mimi naona wapulizaji wanazungumza sana. Tuni yenyewe ni ya zamani na ina huzuni fulani ndani yake, haihitaji kusukumwa. Smith anapopata nafasi ya kuingia kati yao mambo yanabadilika, hapo nafurahi, halafu tarumbeta zinarudi kumfunika. Nadhani aliyepanga muziki huo aliona kinanda kinaweza kushindana na bendi nzima kwa nguvu, na ni kweli kinaweza. Ila kushindana si lazima.

We Three Kings, ule wa mamajusi, wenyewe una hesabu ya tatu na tayari una mwendo wa safari ndani yake. Huu nakubali wapulizaji wamekaa vizuri zaidi. Wanapanda na kushuka kama watu walio njiani na mzigo. White Christmas na The Christmas Song ni laini, za baada ya chakula. Zinapendeza, zinapita. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Santa Claus Is Coming to Town ni wa watatu tena, na ni furaha tupu. Watoto wa nyumbani kwangu huuomba kwa jina.

Kuna tofauti moja niliyoiona baada ya muda, na inaunga mkono lile nililosema juu ya msikilizaji kuushika wimbo. Zile tunazoziimba kanisani kwa Kiswahili, nazisikia zikiwa na maneno hata kama hayapo. Zile za Kimarekani za redioni na madukani, ambazo sijawahi kuziimba hadi mwisho, nazisikia kama jazi ya kawaida. Nazipenda, lakini kwa namna nyingine. Rafiki yangu Mkatoliki aliyelelewa na kaseti za nyimbo za Kizungu ananiambia kwake ni kinyume. Kwa hiyo mpangilio wangu wa nyimbo bora usiuchukue kama sheria. Albamu hii itakupa kulingana na ulichokuja nacho.

Matoleo ya CD yana nyongeza. Moja ni toleo jingine la God Rest Ye Merry, Gentlemen, na kwa sikio langu ndilo lililopaswa kuwemo tangu mwanzo. Nyingine ni Baby, It's Cold Outside, ambao Smith alirekodi na mpiga gitaa Wes Montgomery mwaka 1966 kwa ajili ya albamu yao The Dynamic Duo. Ni muziki mzuri mno, watu wawili wanaozungumza na kucheka. Lakini si wa kikao kile, na wimbo wenyewe ni wa baridi na mapenzi, hauna Krismasi ndani yake. Mimi huuacha kando Desemba na kuurudia siku nyingine.

Kuhusu namna ya kusikiliza, jambo hili ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwa spika ya simu mkono wa kushoto unatoweka. Kabisa. Unabaki na sauti ya juu inayorukaruka hewani bila sakafu, na utashangaa watu wanasifia nini. Tumia angalau vipokea sauti vizuri vya masikioni, au redio ya nyumbani yenye spika ya besi iliyotulia, isiyovimba. Ukivimbisha besi kama kwa muziki wa disko, zile hatua za kushoto zinachanganyikana na huwezi tena kusikia moja moja. Iache katikati. Mimi huisikiliza kwenye mtandao kupitia huduma ya kulipia, na sauti iko safi kuliko nilivyotegemea kwa rekodi ya zaidi ya miaka 60. Mwalimu anashikilia kwamba santuri yake ina joto zaidi. Nikiwa kwake sibishani, kwa kweli ina kitu.

Urefu wa albamu ni mfupi, kama santuri nyingi za wakati ule. Inaisha ukiwa bado unapika. Hilo silihesabu kasoro: inaheshimu muda wako na inakuacha ukitaka kuirudia.

Ikikugusa, kuna nyingine ya kuitafuta: Holiday Soul ya Don Patterson, naye mpiga kinanda, aliyehamia Hammond kutoka piano baada ya kumsikia Jimmy Smith. Ilirekodiwa mwaka huo huo wa 1964 na kampuni ya Prestige, nayo haina bendi kubwa hata kidogo: kinanda, ngoma za Billy James, na gitaa la kijana wa Philadelphia wa miaka 20, Pat Martino. Huyo Martino mwaka 1980 alifanyiwa upasuaji wa ubongo akapoteza kumbukumbu, akajifunza gitaa upya, kwa sehemu kwa kusikiliza rekodi zake mwenyewe. Ukimsikia hapo akiwa kijana unajua alikuwa akijiachia nini. Kwa uzito wa kinanda Smith bado yuko juu. Kwa utulivu na ukaribu, huenda ukampenda Patterson zaidi.

Nani asinunue? Anayetaka nyimbo za kuimbisha watu sebuleni. Familia yangu ilijaribu kuimba juu yake na wakapotea ubeti wa pili, kwa sababu Smith alishakwenda zake. Pia kama jazi inakuchosha, nyimbo za bendi kubwa hazitakubadilisha. Lakini kama unapiga kinanda popote pale, kanisani, kwenye bendi ya dansi au chumbani kwako, anza na Jingle Bells, kisha Santa Claus, kisha lile toleo la nyongeza la God Rest Ye, halafu ndipo urudi mwanzo. Punguza sauti ya mkono wa kulia kichwani mwako na ufuate wa kushoto kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho.